Alichoulizwa Mgonjwa: Maisha ya Mwalimu Celestine Awiti Oyugi, 1968–2025

Baba mchungaji, shemeji zetu mliotoka Ugenya, majirani wa Kisugu, ndugu zetu Waislamu wa Bwaise mliofika leo kabla hata viti havijapangwa, walimu, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma na sare zenu, mimi ni Okinyi, mdogo wake marehemu, muuza spea za magari, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, walisema, nina sauti kubwa na asubuhi sina shughuli ya maana. Nitasoma kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo kila aliyekaa hapa ataambulia kitu. Dada yangu hakupenda hotuba ndefu, na nitajitahidi, lakini kuna jambo la familia ambalo tumekubaliana lisomwe mbele yenu kabla mwili haujaondoka, na jambo hilo halieleweki bila kuanzia mwanzo.

Celestine Awiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika nyumba za wafanyakazi za Nakawa, hapa Kampala, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Barnaba Ogwel, karani wa reli, na marehemu Mama Peresia Akumu, na nasema wa nne ingawa watatu waliomtangulia hakuna aliyefikisha mwaka, ndiyo maana alipozaliwa alifanyiwa kama sisi Wajaluo tunavyofanya, akalazwa nje kando ya njia kama mtoto aliyetupwa, jirani yetu Mwacholi, Mama Akwero, akapita kana kwamba hajui lolote, akamwokota, akamleta kwa mama yetu kama mtoto wa kuokotwa, na kwa hiyo akaitwa Awiti. Mama Akwero alidai mpaka mwisho wa maisha yake kwamba mtoto ni wake, na kila Krismasi alikuja kuchukua kuku wake bila kuona haya.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1975 hapo hapo Nakawa, lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na reli kugawanywa, baba alirudishwa Kenya, tukahamia Kisumu, na huko Awiti akamaliza shule ya msingi mwaka 1981 na sekondari mwaka 1985, kisha Januari 1987 akaingia chuo cha uuguzi kilichokuwa chini ya hospitali ya misheni, akahitimu Desemba 1989 akiwa wa kwanza katika darasa lake, akapewa zawadi ya saa ya kubandika kifuani, ambayo mimi niliiharibu wiki ile ile, na hilo tulishalimaliza kati yetu.

Tarehe 5 Februari 1990 aliajiriwa katika wodi ya wanawake huko Kisumu, na ni lazima nikae kidogo hapo, kwa sababu aliizungumzia siku hiyo maisha yake yote. Wa kwanza darasani, mwenye saa kifuani hata kama haitembei, aliachwa peke yake na wodi iliyojaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja, na akagundua kwamba anaijua mifupa yote ya mkono kwa majina, anazijua dawa na vipimo vyake, lakini hajui aanze na nani, kwa sababu katika miaka mitatu ya masomo kila mara mwalimu ndiye aliyemwonyesha mgonjwa wa kuanza naye. Alisimama mlangoni akiwa ameshika trei, akaanza kulia. Muuguzi mmoja mzee aliyekuwa anamaliza zamu alimnyang'anya ile trei, akamwambia afunge mikono nyuma, aizunguke wodi yote bila kugusa kitu, aulize kila mgonjwa anaendeleaje, akimaliza atajua wa kuanza naye. Alizunguka, akamkuta mama mmoja pale pembeni, aliyekuwa kimya kuliko wote, amelowa damu, na ndiye akaanza naye, na yule mama akapona.

Nyinyi mliosomeshwa naye mnaijua raundi ya mikono nyuma, nawaona mnatabasamu, basi ilianzia hapo.

Alifunga ndoa na shemeji yetu John Oyugi, wakala wa forodha, tarehe 12 Desemba 1992 huko Ugenya, mwaka uliofuata wakahamia Kampala alikokuwa Oyugi na kazi, wakapanga kwanza Bwaise, mafuriko yakawafukuza, wakaja hapa Kisugu ambako hawakuondoka tena, na tarehe 3 Septemba 1994 Mungu akawajalia mtoto wao Oketch, huyu mnayemwona amekaa karibu na baba yake. Hawakupata mwingine, lakini nyumba hii haikuwahi kuwa na kitanda kitupu, wanangu mimi mwenyewe walilelewa humu zaidi ya kwangu, hasa binti yangu Valarie, ambaye alikuja hapa likizo moja akiwa darasa la pili na kwa kweli hakurudi tena.

Baada ya kufanya kazi ya uuguzi hapa mjini kwa miaka minane, marehemu alisomea ukufunzi kuanzia 2001 hadi 2003, na Januari 2004 akaanza kufundisha katika chuo kimoja cha binafsi upande wa Nakawa, ambacho sitakitaja jina, kwa sababu yeye mwenyewe hakukitaja. Alifundisha katika chuo hicho kwa moyo. Kilikuwa na madarasa mazuri, kilikuwa na chumba cha mazoezi chenye mdoli wa plastiki wa ukubwa wa mtu mzima, ambaye wanafunzi walimwita Mzee Kimya, na huyo Mzee Kimya alikuwa na kidonda cha bandia kwenye mguu wa kushoto, walichojifunzia kusafisha na kufunga bandeji, na kabla ya kuanza, mwanafunzi alitakiwa kumweleza mgonjwa anachotaka kumfanyia, maelezo hayo yana alama zake, kwa hiyo kila mmoja aliyakariri kwa Kiingereza safi, akamsomea Mzee Kimya, na Mzee Kimya hakuwahi kumkatalia mtu.

Mwezi wa Oktoba 2011 ulifika mtihani wa mwisho wa vitendo, wodini, kwa wagonjwa wa kweli, na mwanafunzi bora wa darasa, Nabilah, alipangiwa Bi Zubaida, mama wa Kinubi kutoka Bwaise, aliyekatwa na bati ndani ya maji ya mafuriko. Nabilah alisimama, akasema maelezo yote kwa Kiingereza bila kukosea neno, akaufunua mguu wa kushoto, akaanza kuusafisha, na Bi Zubaida, ambaye Mungu amrehemu, alijitahidi kumwita musawo, yaani tabibu, akamwambia, “Musawo, hii mguu iko muzima, ile ingine ndiyo iko na kidonda,” lakini Nabilah alikuwa na maelezo ya kumaliza, akamtuliza kwa Kiingereza, akaufunga bandeji ule mguu usio na kidonda, bandeji nzuri kabisa, na mtahini wa pili, aliyesimamia pamoja na Awiti na kukaa mbali akiwa na karatasi yake, alikuwa amekwisha kumpa karibu alama zote.

Tulicheka sana alipotuhadithia jioni ile, mimi nilicheka mpaka nikakohoa, lakini yeye hakucheka. Alitwambia kwamba Nabilah si mjinga, Nabilah amefanya sawasawa alivyofundishwa, na kama darasa zima linaenda mguu wa kushoto kwa sababu mdoli ana kidonda cha kushoto, basi waliofeli ni walimu, na yeye ni mmoja wao. Aliomba darasa zima lirudishwe wodini kabla ya kuhitimu. Mkuu wa chuo alimjibu kwamba majoho yameshakodiwa na wazazi wameshaalikwa, akamwomba aidhinishe matokeo, akamwomba tena mbele ya walimu wenzake, Awiti akakataa, na Desemba 2011 mkataba wake haukuendelezwa. Alisema wakati ule kwamba chuo kinampa mtu cheti, lakini kule hospitali hakipokelewi cheti, anapokelewa mtu, na mtu huyo anaachwa na wagonjwa siku hiyo hiyo. Wengine katika familia tulimwona mkaidi, nami nilikuwa wa kwanza. Nabilah alijirudisha wodini mwenyewe kwa miezi mitatu, leo ni msimamizi wa wodi huko Arua, amesafiri usiku kucha kuja hapa, na ameniambia nje pale kwamba mpaka leo akikuta mgonjwa ana vidonda viwili anaanza na mguu wa kulia.

Mwaka 2012 marehemu alikaa nyumbani, akisaidia zahanati ndogo hapa Kisugu na kututawala sisi wengine kwa kukosa wanafunzi, na Februari 2013 akapokelewa katika chuo alichokitumikia mpaka mwisho, ambako alipewa nafasi ya kusimamia mafunzo ya vitendo, na huko ndiko alikoweka ule utaratibu wake, kwamba mwanafunzi akimaliza kumhudumia mgonjwa katika mtihani anatoka nje, kisha mtahini anamwendea mgonjwa, anamuuliza kwa lugha anayoijua, huyu amekufanyia nini, amekuambia nini kuhusu ugonjwa wako, na ukirudi nyumbani utafanya nini, na mgonjwa akishindwa kujibu, mwanafunzi amefeli, hata kama mikono yake imefanya kazi ya malaika. Wanafunzi walimchukia kwa muda. Wakaanza kujifunza Kiluganda cha kutosha, Kiswahili, hata maneno ya Kinubi, wakaanza kufuata wagonjwa waliotoka hospitali mpaka majumbani kwao, na kule Bwaise wakaona kwamba yule waliyemwambia aweke kidonda pakavu analala juu ya matofali kwa sababu sakafu yake ina maji, wakarudi darasani wakiwa na maswali ambayo vitabu vyao havikuwa nayo, na Awiti akasema sasa ndiyo wameanza masomo.

Novemba 2023 aligundua uvimbe kwenye titi la kushoto, akapimwa, ikawa saratani, akatibiwa mwaka wote uliofuata huku akifundisha, mpaka tukadhani tumepona, lakini Februari 2025 ilirudi kwa nguvu, kidonda kikafunguka chini ya kwapa na kuzunguka kuelekea mgongoni, na tarehe 3 Aprili 2025 akalazwa katika wodi ile ile ambamo wanafunzi wake walipangiwa kufanya mtihani wa mwisho.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Siku ya mtihani, tarehe 24 Aprili, mgonjwa mmoja kati ya waliokubali kushiriki aliruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi, ikabaki nafasi, na marehemu akamwita mwenzake, Mwalimu Kakule, akamwambia amweke yeye. Kakule alikataa, akasema hawezi kumtahini mwanafunzi juu ya mwili wa mwalimu wake. Awiti alimjibu kwamba wodi hii haina mwalimu, ina wagonjwa, na yeye ana namba ya kitanda kama wengine. Namba za vitanda zilitiwa kwenye kopo la maziwa ya unga kama kawaida yao, kila mwanafunzi akachovya mkono, na aliyetoa namba ya kitanda cha Awiti alikuwa Valarie, binti yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni hapo. Kakule alitaka kubadilisha, Valarie mwenyewe aliomba abadilishiwe, marehemu akasema ipo siku kila muuguzi atamkuta ndugu yake kitandani, na siku hiyo hakuna kopo la pili.

Valarie alimhudumia shangazi yake. Kakule anasema hajaona mikono kama ile, alikisafisha kidonda bila marehemu kukunja uso, akakifunga, akamgeuza, akamtandikia, na hakusema neno moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Alipotoka nje, Kakule akainama kitandani, akauliza maswali ya siku zote, na dada yangu akajibu, “Mikono yake inashinda yangu, lakini hakuniambia kitu.” Kakule alimuuliza mara ya pili, akitumaini. Akamwambia, “Andika, Kakule.”

Valarie alifeli, na kwa kufeli huko nafasi ya kazi iliyokuwa inamngoja mwezi wa saba ikawa mashakani.

Mimi nilikwenda hospitali jioni ile, na sitaficha, nilikwenda kugombana na mgonjwa. Nilimwambia huyu ni mtoto wako, umemlea wewe, anajua kwamba wewe unajua kila kitu cha saratani, angekufundisha nini, na tena alinyamaza kwa sababu angefungua mdomo angelia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanijibu kwa lugha yetu ya nyumbani, akasema analijua hilo la kulia, alimwona mtoto anavyoyabana meno, lakini kidonda kiko mgongoni, yeye hawezi kukiona, kila daktari anayekiangalia anamwambia, “Vizuri, mwalimu,” na alikuwa amelala pale asubuhi nzima akingoja mtu mmoja amwambie kimefika wapi. Akasema, “Mwalimu anajua saratani. Mimi sijui mgongo wangu.”

Nilitoka pale bado nina hasira, maana mtu anaweza kuelezwa akaelewa na hasira zikabaki.

Kesho yake Valarie alirudi wodini bila sare na bila kuitwa. Alivuta kiti, akafunga mikono nyuma kwanza kama mtoto mdogo, kisha akamwambia shangazi yake kidonda kimefika wapi, upana wake, harufu yake, na kwamba dawa anayotiwa mishipani haikisaidii tena, akayasema yote huku analia, na marehemu akalia naye, wakamaliza, wakaagiza chai. Siku iliyofuata Awiti alimwita daktari, mumewe na Oketch, akasema sindano zinatosha, anataka dawa ya maumivu na anataka kitanda chake, na tarehe 30 Aprili tukamrudisha hapa Kisugu, ambako alikaa siku zake za mwisho akiwa na akili yake timamu, akapatana na watu wawili ambao sitawataja, akachagua nyimbo za leo, akamfundisha Oyugi kupika uji usio na mabonge, kazi iliyomshinda miaka thelathini na miwili. Alifariki dunia hapa nyumbani siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa tano asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono na Valarie akiwa amemwinua kichwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mgane, mtoto mmoja, mimi mdogo wake, na wauguzi wengi waliotawanyika kutoka hapa mpaka Bunia.

Jumapili jioni mkuu wa chuo chake hiki cha mwisho alifika matangani pamoja na walimu, wakaleta rambirambi, tukashukuru, kisha mkuu akasimama akasema kwamba, kwa heshima ya mwalimu wao, na kwa kuwa kila mtu anajua Valarie alikwenda kumweleza shangazi yake siku ya pili na maelezo yale yalimpa mwisho mwema, chuo kimeamua kuhesabu kwamba amefaulu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, nilisimama kabisa, nikasema Mungu ameona. Na mtoto huyu, ambaye ni mpole, ambaye sijamsikia akinijibu tangu azaliwe, akasimama kule jikoni alikokuwa akiosha vikombe, mikono ina povu, akasema mbele ya wageni, “Baba, kaa chini. Siku ya mtihani sikumwambia kitu. Nilimwambia kesho yake, na mgonjwa mwingine anaweza asiwe na kesho.”

Nilikaa chini. Familia ilikutana usiku ule, tukabishana, na tunamjulisha mkuu wa chuo mbele yenu wote kwamba rambirambi nyingine zote tumezipokea kwa mikono miwili, lakini ile moja tunairudisha kwa heshima, na Valarie atarudia mtihani wake pamoja na wenzake wanaorudia siku ya Jumanne, tarehe 27 Mei, wodini, kwa mgonjwa atakayemwangukia.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa wodi, hasa yule daktari kijana ambaye, alipoombwa siku ile aseme ukweli, aliusema akiwa amekaa na si akiwa mlangoni, kwa Mwalimu Kakule aliyeandika alichoambiwa ingawa kilimuuma, kwa majirani wa Kisugu ambao hawakutuachia tupike hata siku moja, kwa akina mama wa Bwaise, watoto na wajukuu wa Bi Zubaida, waliokuja na mikeka yao na dua zao, kwa walimu wenzake, kwa wanafunzi waliopokezana kumgeuza kitandani wiki ile ya mwisho, kwa kanisa, na kwa mawakala wa forodha wenzake Oyugi waliotuandalia magari ya kutufikisha Busia na kutuvusha mpaka Ugenya, ambako maziko yatafanyika Jumamosi, tarehe 17 Mei, saa sita mchana, nyumbani kwa mumewe.

Awiti, dada yangu, bado nina hasira na wewe kidogo, nivumilie, zitaisha zenyewe. Siku hiyo ya Jumanne nitafunga duka, nitampeleka Valarie mimi mwenyewe mpaka mlango wa wodi, sitaingia, sitazungumza na Kakule, sitamwombea kwa mtu yeyote, nitakaa nje kwenye benchi na kungoja wamuulize mgonjwa. Pumzika, Mwalimu, pumzika kwa amani.